Picha Kumi na Moja

Mgongo wangu ulikuwa umeegemea mlango. Mbele yangu, hatua tatu tu, Terry alisimama katikati ya majani ya tumbaku yaliyoning'inia kutoka darini hadi usawa wa mabega yake, na kupitia tundu la hewa lililokuwa juu ukutani, ukanda mwembamba wa jua ulikuwa umeanza kumshukia usoni. Nilikuwa nimeungoja ukanda huo tangu saa nane. Jua lilipomfika shavuni, aliinua mkono wa kulia, kiganja wazi, vidole vimeachana.

Nikapiga.

Ilikuwa Februari, miaka miwili iliyopita, Kegonga. Ilikuwa siku ya tatu na ya mwisho ya kazi niliyoikubali nikiwa tayari nimechoka. Wiki hiyo nilikuwa nimepiga picha harusi mbili na mazishi, magoti yalikuwa yakilalamika kila nilipochuchumaa, na usingizi ulikuwa umenihama. Lakini Tima, mwenye duka la nguo mjini Migori, alikuwa mteja wa kudumu, na ombi lake lilikuwa jepesi kulisema. Alitaka picha kubwa tatu za ukutani. Magauni yake ya kitenge yalishonwa kwa wanawake wanaofanya kazi, kwa hiyo alitaka yaonekane mahali pa kazi: katika stoo ya vitambaa, katika kibanda cha nyavu, katika banda la kukaushia tumbaku.

Yeye hakuhitaji kuingia humo. Tuliingia sisi.

Mahali pafinyu pana kanuni zake. Huwezi kurudi nyuma. Lenzi pana humvuta mtu pua na kumnyoosha mikono, kwa hiyo unamweka katikati na kumwomba asisogee. Ukileta taa, taa inachukua nafasi ya mtu. Mnapumua hewa moja, na baada ya muda unajua amekunywa chai yenye tangawizi na yeye anajua hukupiga mswaki vizuri. Mwanamitindo asiyeweza kuvumilia ukaribu huo hafai kwa kazi hiyo. Terry alifaa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Oyugis, mrefu, mtulivu, na alijua kukaa ndani ya nguo bila kujionyesha.

Siku ya kwanza, katika stoo ya Tima, kabla hatujajipenyeza kati ya majora ya vitambaa yaliyorundikwa hadi dari, alinishika kiwiko.

"Baba Liz," alisema. Liz ni binti yangu, na wengi mjini huniita hivyo. "Mahali pamebana hunishinda. Si ati naogopa. Pumzi inaisha tu, na ikiisha siwezi ongea. Nikiinua mkono, unafungua. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Hakueleza zaidi na sikuuliza. Kazi ile ya kwanza ilikwisha bila mkono kuinuka.

Kesho yake, kwa wavuvi wa Kisegi, uliinuka. Kibanda cha nyavu kilikuwa na nafasi ya watu wawili wanaopendana, nasi tulikuwa watu wawili wanaofanya kazi. Nilikuwa nimeinama, jicho kwenye kamera, nilipoona kiganja chake kikipanda. Nilitoka kinyumenyume, nikaangusha hata mfuniko wa lenzi. Akanifuata nje, akakaa juu ya jiwe, akavuta pumzi akilitazama ziwa. Kisha akacheka kidogo.

"Umefungua haraka," alisema. "Kuna watu hungoja."

Nilijivunia maneno yale. Nasema hivi kwa sababu ni kweli: njia nzima ya kwenda Kegonga nilijihisi kuwa mtu mwema.

Mwenye banda alikuwa mkulima aitwaye Mwikwabe, mtu mpole wa maneno machache. Alituambia kwamba moto ulizimwa juzi, ila mabomba yanayopitisha joto chini ya majani yalikuwa bado hayajapoa.

"Msikae sana," alisema. "Hata sisi tukipanga majani hatukai."

Ndani joto lilikuwa zito, na harufu ya tumbaku ilishika koo. Mlango ulilazimika kufungwa, la sivyo mwanga wa nje ungeufuta ule ukanda wa jua. Nafasi ya kusimama ilikuwa moja tu, pale mlangoni, nikiuziba kwa mgongo. Ili Terry atoke, ilibidi mimi nitoke kwanza.

Nimejiambia mengi kuhusu dakika ile. Kwamba jasho liliniingia machoni. Kwamba nilidhani ni pozi, maana kwa kweli ule mkono ulikaa vizuri mno kwenye mwanga. Lakini niliuona, na nilijua ulikuwa unasema nini. Nikajiambia: moja zaidi, jua linaondoka, sitaweza kurudi huku tena. Kisha nikajiambia hivyo tena. Kamera huandika muda wa kila picha. Tangu mkono ulipoinuka hadi picha ya mwisho ni dakika moja na sekunde arobaini, na picha ni kumi na moja. Katika ya tisa, vidole vimeanza kujikunja.

Alipoanguka, alishuka na ufito mzima wa majani. Niligeuka, nikausukuma mlango, nikatoka. Nikasimama juani, kamera nimeikumbatia kifuani kama kitu kilichookolewa. Mwikwabe ndiye aliyenipita mbio, akaingia, akamvuta Terry kwa makwapa hadi kwenye nyasi. Mkewe alikuja na ndoo ya maji. Mimi niliendelea kusimama.

Alilazwa siku mbili. Daktari alisema ni joto na mvuke wa tumbaku, na kwamba angechelewa kidogo tu kutolewa, wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Asubuhi ya kwanza, Terry akiwa bado na dripu mkononi, nilikaa kwenye benchi nje ya wodi nikamtumia Tima picha ya saba kwa simu. Sijui ni nini kilichonituma. Mazoea, labda. Mikono hufanya kazi iliyoizoea hata mwenyewe akiwa hayupo.

Jibu lilikuja upesi. "Mashallah. Hii ndiyo. Huo mkono umeongea."

Baada ya wiki moja nilikwenda Oyugis kumjulia hali, kompyuta yangu ikiwa mkobani. Mama yake, Marcella, alikuwa ameniandalia kuku. Alinishika mikono yote miwili mlangoni, akakataa kuiachilia.

"Erokamano, wuoda," alisema. Asante, mwanangu. Kisha, kwa Kiswahili, ili asikike vizuri: "Terry haongei mengi, amesema tu walimtoa. Lakini mimi najua ni nani alikuwa na yeye huko ndani. Kama si wewe, leo ningekuwa na kaburi hapa."

Terry alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, leso mabegani. Hakumsahihisha mama yake. Alikuwa akinitazama tu.

Nilinawa. Nilimega ugali. Marcella alinichagulia firigisi, akaniwekea sahanini kwa mkono wake, kipande ambacho nyumbani hupewa mtu wa heshima. Nilikitazama, na nikahisi uchovu wa wiki zote, wa miaka yote, ukinikalia shingoni. Ingekuwa rahisi sana kula.

"Mama," nilisema, "si mimi niliyemtoa. Ni Mwikwabe, mwenye banda."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Mlangoni ukifanya nini?"

"Nikipiga picha."

Marcella alimgeukia binti yake. Terry hakuondoa macho kwangu.

"Uliona mkono yangu?" aliuliza.

"Niliuona."

"Na ukapiga ngapi?"

"Kumi na moja."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa nalo tayari. Marcella aliinuka, akaingia jikoni, akakaa huko kwa muda mrefu. Hakukusikika chombo. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu, na alikuwa ameshika jagi la maji.

"Maliza chakula," alisema. "Kuku ameshachinjwa."

Hakuniita wuoda. Nilikula. Sijawahi kula chakula kilichochukua muda mrefu namna ile.

Baadaye Terry alinisindikiza hadi kwenye ua wa nyumba, nikafungua kompyuta juu ya ukuta mfupi wa matofali. Alizipitia zote, moja baada ya nyingine, akarudi kwenye ya saba.

"Ni nzuri," alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Hiyo ndiyo inaniuma."

"Nazifuta sasa hivi."

"Usifute. Ukifuta, utasahau. Kaa nazo. Lakini isitoke hata moja."

"Tima tayari ameiona. Anaitaka."

"Basi mwambie haipati. Na umwambie ni kwa nini, wewe mwenyewe."

Nilimwambia Tima siku iliyofuata, nimesimama mbele ya meza yake katikati ya wateja. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Alikuwa anaomba kutoka?" Nilipomjibu, alitoa simu yake, akaitafuta picha, akaifuta mbele yangu. Ukutani mwa duka lake ziko mbili, ya stoo na ya nyavu. Nafasi ya tatu aliiacha wazi kwa mwaka mzima kabla ya kutundika kioo. Kazi zake alianza kumpa mpiga picha mwingine.

Terry hakurudi kwenye uanamitindo. Nilisikia kwamba anauza dawa katika duka moja mjini Homa Bay na kwamba anaendelea vyema. Sikumpigia simu. Nilishika kazi zangu za kawaida, watoto wa shule, vitambulisho, mazishi, na nilipopewa kazi nzuri zaidi nilisema sina nafasi.

Novemba iliyopita simu ililia nikiwa studio. Sauti niliitambua mara moja.

"Terry anaolewa Desemba," Marcella alisema. "Tunahitaji mtu wa picha."

Nilikaa chini kwanza. "Mama, huko Oyugis kuna wapiga picha wengi."

"Najua. Nimeona kazi yao."

"Ni Terry aliyesema niitwe?"

"Ni mimi nimesema."

"Na yeye je?"

Nilimsikia akifunika sufuria, akimfukuza kuku jikoni, akirudi kwenye simu bila haraka.

"Yeye hajakataa," alisema. Kisha akaanza kunieleza njia ya kwao, tangu stendi, kona hadi kona, kana kwamba sijawahi kufika.