Mpanda Farasi wa Nyuma

Hakuna mtu katika jumba lile la sanaa aliyejua kuisoma picha ya mawindo kama Redio. Hilo alilisema Redio mwenyewe, kila asubuhi, akikata tiketi mlangoni. Nafasi ya mwongoza wageni ilipotangazwa, aliwaambia wenzake wasihangaike hata kuchana nywele.

Picha yenyewe ilijaa ukuta mzima: mabwana wa kale juu ya farasi, makoti mekundu, mbwa ndimi nje, kulungu anatimua mbio. Wageni wengi walimwona kulungu wakapita. Redio aliwashika mkono. Mtazameni yule mpanda farasi wa nyuma, huwaambia. Wenzake wote macho kwa kulungu, yeye macho kwenye mgongo wa bwana mkubwa. Na wale mbwa wawili pale chini wameugeukia mguu wa bwana. Hapo hukohoa kidogo, kisha humalizia kwamba anayewindwa si kulungu.

Siku ya usaili mkurugenzi aliwasimamisha waombaji mbele ya picha hiyo hiyo. Walikuwa wawili tu: Redio, na binamu yake wa chumba cha mizigo, kijana mpole aliyekaa kwa Redio, akala kwa Redio, na kuitikia "kweli, kaka" hata Redio aliposema upuuzi.

Binamu alianza. Akaeleza makoti, akaeleza kulungu. Kisha akaomba watazame mpanda farasi wa nyuma.

Redio akasogea hatua moja mbele. Mgongo wa bwana, mbwa wawili, mguu. Binamu akakohoa. Mkurugenzi akaandika kitu, akitabasamu.

"Mdogo wangu," Redio akasema, "nimekuweka kwangu miezi saba. Hata kikohozi?"

Binamu aliangalia sakafu. "Ulikuwa unasema kila siku, kaka. Nilidhani ni maelezo ya jumba."

Redio akamgeukia mkurugenzi. Akaapa kwamba maneno yale aliyatoa kichwani mwake, kwa kuikodolea picha miaka miwili, na kwamba mtu anayemwibia ndugu yake hafai kukabidhiwa wageni. Mkurugenzi akaweka kalamu chini, akauliza kama yupo wa kuthibitisha.

"Mimi nipo," akasema mama wa usafi. Alikuwa amepiga magoti chini ya picha, anafuta vumbi kwenye fremu, na hakugeuka. "Mbwa hawa huwaoni vizuri mpaka upige magoti hapa. Nilimwonyesha Redio mimi, mbwa hawa na yule mpanda farasi wa nyuma, wiki yake ya kwanza kazini. Akanicheka, akaniambia nimechoka, nikapumzike."

Binamu akainua macho kutoka sakafuni. Mkurugenzi naye akamtazama Redio, akingoja.

Redio akasema kwamba, kwa kweli, siku zote alikusudia kumtaja mama.

Mama akageuka sasa, kitambaa mkononi.

"Lini, mwanangu?"