Kapasita ya Sebuleni

Runinga ya inchi arobaini na tatu ililetwa saa tatu asubuhi, imefungwa kwa shuka la maua. Mwenyewe alieleza ugonjwa wake kama mzazi mbele ya daktari: taa nyekundu inapepesa mara sita, inatulia, inapepesa tena, na picha haiji. Bi Waya, fundi wa runinga, alimsikiliza hadi mwisho. Kibandani kwake hakuna mtu aliyewahi kukatwa kauli, ndiyo maana viti vyake vitatu havikosi wakaaji hata siku isiyo na kazi.

Mteja alipoondoka, Bi Waya aliilaza runinga kifudifudi juu ya blanketi, akafungua skrubu kumi na nne, akaunyanyua mgongo. Fyuzi ilikuwa nzima. Lakini kwenye ubao wa umeme, ile kapasita kubwa, inayobaki na umeme hata waya ukichomolewa ukutani, ilikuwa imevimba kama shavu la mwenye jino bovu.

"Mimba hiyo," alisema mshonaji wa mlango wa pili, aliyekuja kuazima mkasi akasahau kuondoka.

"Tena ya miezi tisa, shoga. Toa mkono, isije ikakupiga."

Bi Waya hagusi ubao kabla ya kuumaliza umeme uliolala ndani. Alichukua balbu yake yenye nyaya mbili, akaigusisha kwenye miguu ya kapasita. Siku zote balbu huwaka kufumba na kufumbua, ikazima. Safari hii iliwaka ikaendelea kuwaka, na sauti ya mwanamke mzee ikaanza kutoka.

"Nipelekeni kwa dada yangu. Macho yameshamwisha, sasa na masikio yanaaga. Nataka anisikie kabla hayajafunga."

Ikapumzika, ikasema tena. Mara kwa upole, mara kwa kununa, mara kwa utani: "Au nijibandike kwenye kioo ndiyo mnione?" Mshonaji alivuta kiti, akawa anahesabu kwa kuchora mistari ya chaki kwenye kitambaa cha suruali ya mtu. Mwishoni zikatoka sauti nyingine, za haraka haraka: baadaye, baadaye, baadaye. Balbu ikazima.

"Mia mbili na kumi na moja," alisema mshonaji. "Na chaki imeniishia."

"Ndiyo maana imevimba," alisema Bi Waya, akawasha chuma cha kulehemu. Kazi za namna hii zilishampitia. Maneno yanayosemwa mbele ya runinga yasijibiwe hayana pa kwenda, yanaingia kwenye ubao. Ya ugomvi hukata fyuzi. Ya kuomba huvimbisha.

Aliing'oa kapasita, akapachika mpya, akapima. Volti zikasimama wima.

Jioni aliirudisha runinga mwenyewe, akaitundika, kisha akamkabidhi mteja kapasita ya zamani na kumweleza.

"Ni mama huyo," alisema yule bwana. Alikuwa mtu mwema, macho mekundu kwa kuendesha lori, na runinga ndiyo kitu pekee nyumbani kisichomwomba kitu. "Hii mpya itadumu?"

"Mkimjibu, hata miaka kumi."

"Mbona tunamjibu, fundi? Tunamwambia baadaye."

"Hizo baadaye zenu nazo zilikuwemo."

Bibi mwenyewe alimsogelea Bi Waya pale kwenye kochi. "Uliyasikia yote, mwanangu?"

"Yote, mama. Mara mia mbili na kumi na moja."

"Basi sijakosea hesabu."

Bi Waya akamuuliza dada anaishi wapi. Mbali, treni mbili. Anasikia bado? Sikio la kushoto, ukimwinamia. Maneno hayo yalijibiwa, kwa hiyo hayakuingia kwenye ubao. Yalibaki baina yao wawili hadi mpira ulipoanza na familia nzima ikajaa sebuleni.

"Nipelekeni kwa dada yangu," alisema bibi.

"Baadaye, mama," walisema watatu kwa pamoja, bila ubaya wowote, na mkwewe akamwekea mto mgongoni. Picha ilikuwa safi kama maji ya glasi.

Yule bwana alimsindikiza Bi Waya mlangoni, jicho moja likiwa kwenye mpira. "Fundi, hiyo kapasita, ukipata nyingine niwekee akiba."

Bi Waya alitoa mpya nyingine mfukoni. Alikuwa ameshakuja nayo.