Boma Lililomngoja Benta

Asubuhi ya mtihani, Benta ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka boma zima, na mpaka jua linachomoza alikuwa bado hajajua ameamkia nini.

Si kwamba alikuwa mvivu wa kufikiri. Kufikiri alifikiri, mpaka kichwa kikamuuma. Bintiye Adhiambo, wa gredi ya tisa, alikuwa amekwisha kuoga na kuvaa sare. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, kalamu mkononi, hasemi neno. Angesema ingekuwa afadhali, maana mtoto anayenuna hujibiwa, lakini mtoto anayenyamaza utamjibu nini? Mtihani wa kitaifa ulianza siku hiyo, na karatasi ya asubuhi ilikuwa hisabati, somo alilolipenda kama wenzake wanavyopenda chapati. Asiyefanya hana matokeo, na asiye na matokeo hakuna shule ya upili itakayomwita.

Na aliyesema Adhiambo hatafanya ni nani? Ni huyo huyo Benta, kwa mdomo wake, mbele ya watu!

Wiki iliyotangulia, wazazi waliitwa shuleni, pale pale Muhuru Bay, juu kidogo ya ufuo wa ziwa wa kuanikia omena, dagaa wa huko. Mwalimu mkuu, Mwalimu Nyakundi, mtu mpole wa kutoka Kisii, akawaeloza kwamba hela za serikali za kuendesha shule zimekatwa tena. Walimu wa kandarasi wamerudi makwao. Maabara imebaki kuta tupu na usiku mbuzi wanalala humo. Hata chaki, tafadhali, wazazi wanunue. Watu wakachemka. Cephas, mwenyekiti wa wazazi, akasimama akakunja mikono ya shati. "Wanawakumbuka watoto wetu siku ya mtihani tu! Basi siku hiyo watoto wabaki nyumbani. Wakubwa wakikuta madawati matupu, watauliza kuna nini." Benta, ambaye habari ya mbuzi ilikuwa imemkera kupita kiasi, akaruka juu: "Wangu hatoki nyumbani!" Makofi! Vigelegele! Akaketi akitabasamu kama bibi harusi. Mdomo uliponza kichwa, wahenga hawakukosea.

Hasira ya mkutanoni haidumu. Ilipopoa, Benta alibaki na mambo mawili, na yote mawili yalikuwa kweli. Cephas alikuwa na haki, kwa kuwa shule gani hiyo isiyo na walimu? Na Adhiambo naye alikuwa na haki, kwa kuwa kosa lake lilikuwa lipi? Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi mwenyewe hakuwa na mtoto wa gredi ya tisa.

Akampigia mumewe. Gordon alikuwa kisiwani Remba akivua mbuta, na neno lake moja tu lingetosha. Aende, ama asiende, na mzigo ungekuwa wake. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Akapiga tena. Mteja hapatikani. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini asubuhi hiyo Benta angetoa chochote ili la Gordon liwepo.

Akatoka na karai la omena, akaanza kuzitandaza juu ya wavu mkuukuu uani. Ng'ambo ya ua, mke mwenzake Orpah alikuwa anafagia. Orpah naye alikuwa na mtahiniwa, mwanawe Willis, ila kijana hakuonekana nje. Benta akainua kichwa na macho yao yakakutana. Orpah akaangalia chini, akafagia pale pale alipokwisha kufagia.

Mara wake wa shemeji zake wakaanza kuja, maana nyumba zao zilikuwa humo humo bomani, na wao pia walikuwa na watoto wa gredi hiyo. Nyasuguta akaja kuomba chumvi. Akapewa, hakuondoka. Bathsheba akaja kuuliza kama omena za leo ni nzuri. Akajibiwa ni nzuri, naye akaegemea mti wa mpapai kama aliyekodishwa.

Sasa, boma hilo lina mwenendo wake, na tusiucheke mapema. Benta ni mikayi, mke wa kwanza, tena wa mwana wa kwanza, na mama mkwe amekwisha kutangulia mbele ya haki. Hakuna mwanamke humo anayetia mbegu ardhini kabla yake. Mwaka juzi alilazwa hospitali Homa Bay na malaria, mvua ikanyesha ya kutosha, mahindi ya majirani yakafika magotini, na mbegu za boma lao zikakaa ndani ya madebe. Mpaka aliporudi, anatetemeka, ameshikwa huku na huku, akachimba shimo lake moja, ndipo majembe yakalia. Walichekwa, wakavuna kiasi. Lakini kumtangulia mikayi ni kujitakia chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira haina dawa ya dukani.

Benta hakuwa akiwaza mbegu asubuhi ile. Aliwaza kwamba Cephas amewatuma hawa wamlinde. Nikimtoa mtoto wangu, alijiambia, jioni jina langu litaanikwa ufuoni pamoja na omena.

"Mikayi," Orpah akaita, ufagio umesimama. "Leo hutoki?"

"Nitoke niende wapi?" Benta akafoka.

Orpah akainamisha kichwa.

Kengele ikalia shuleni, ile ringi ya gurudumu inayogongwa kwa chuma. Adhiambo akasimama. Wanawake wote wakamtazama Benta, na Benta akaitazama simu. Aliogopa, tena aliogopa sana. Aliwaogopa watu, akaogopa kumkosea mtoto, akaogopa hata kuinua mguu. Mmoja tu, aliomba moyoni. Mmoja wao amshike mtoto wake mkono, nami nitamfuata, nitasema nilifuata wenzangu. Ee Mungu, aanze mmoja tu!

Hakuanza mtu. Kengele ikanyamaza. Adhiambo akakaa tena kwenye kigoda, akaweka kalamu zake chini mchangani, machozi yakaanza kumtiririka bila sauti. Benta akageuka akageuza omena ambazo hazikuwa hata zimeanza kukauka.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali Cephas alipoingia bomani, meno yote nje.

"Hongereni!" alisema. "Boma hili mmekuwa mfano! Hata jirani zenu, walipoona hapa hakuna anayetoka, wakawazuia watoto wao. Umoja, mama zangu! Hivi ndivyo watu wanavyopigania shule yao!"

Orpah akautupa ufagio. "Mfano wa nini? Mimi nilitaka Willis aende!" Akaita, na Willis akatokeza mlangoni, sare imepigwa pasi, viatu vinang'aa.

Benta akaziacha omena. "Sasa mbona hukumpeleka?"

"Nikutangulie wewe?" Orpah akamsogelea. "Mikayi, mimi nimewahi kukutangulia kwa lipi? Nilikuuliza kama hutoki, ukanikaripia mbele za watu. Nikasema basi, mwenye kuanza amekataa."

"Na mimi chumvi ninayo," Nyasuguta akasema polepole, akiiangalia mkononi. "Nilikuja kuona kama umeondoka."

Bathsheba akaegemea tena mpapai. Alikuwa analia.

"Lakini mimi," Benta akasema, "mimi nilikuwa nawangoja ninyi."

Hakuna aliyecheka. Loo, wangecheka ingekuwa nafuu! Cephas alitazama huyu, akatazama yule, furaha ikimwishia usoni. "Jamani, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana," Benta akajibu. "Na hela zimekatwa kweli, na mbuzi wamo maabara kweli. Sikukatalii hata moja, Cephas. Nipishe tu." Akaokota kalamu mchangani, akazifuta kwa leso yake, akamshika Adhiambo mkono. "Mchana kuna karatasi nyingine."

Akatangulia. Nyuma yake akaja Orpah na Willis, nyuma ya Orpah wengine na watoto wao, na kila boma walilolipita mlango ulifunguka na mtoto mwenye sare akatoka. Cephas alibaki njiani ameshika kiuno. "Mmeniacha peke yangu, Mama Adhiambo!" akapiga kelele, na hilo lilimchoma Benta kweli kweli, kwa sababu mtu huyu hakuwa mwongo. Benta hakujua kama anawaongoza watu au anawasaliti. Miguu iliendelea tu.

Mwalimu Nyakundi aliwakuta langoni. Aliwatazama watoto.

"Mama, hisabati imepita. Karatasi zimefungwa, zimeondoka na askari. Maji yakimwagika hayazoleki." Akafungua lango. "Lakini waingie. Ya mchana wafanye."

Watoto wakaanza kupita. Simu ikalia ndani ya leso ya Benta. Alikuwa Gordon, hatimaye. Akaiacha ilie.

Adhiambo alikuwa amesimama langoni, macho yamevimba. "Mama, asubuhi yote ile ulikuwa unangoja nini?"

Benta angeweza kumtaja Gordon. Angeweza kuutaja mtandao wa Remba, au Cephas na mkutano wake. Aliona aibu kuyataja.

"Nilikuwa nangoja mtu atangulie, mwanangu."

Adhiambo akawatazama kina mama waliosimama nyuma ya Benta, mmoja baada ya mwingine. Kisha akachukua kalamu zake mkononi mwa mamake, akaingia.