Kitufe Chekundu cha Fundi Cherehani

Nilijiunga na kozi fupi ya kutengeneza gemu za simu kwa hasira tu. Mdogo wangu alisema mtu wa miaka hamsini na mbili hataambulia hata cheti. Basi nikafunga kibanda changu cha ushonaji wiki sita, wateja wakapiga simu mpaka wakachoka, nami nikakaa darasani na vijana wanaoniita Bibi Gemu.

Gemu yangu ilitoka nzuri ajabu, nasema mwenyewe. Mchezaji ni fundi cherehani. Wateja wanaingia wamenuna, naye anakata na kushona kabla muda haujaisha. Mambo yakimzidi, anabonyeza kitufe chekundu kilichoandikwa "Njoo Ijumaa". Mteja anaondoka, muda unaanza upya.

Sharti la cheti lilikuwa moja: mtu wa nje ya darasa aicheze mpaka mwisho mbele ya mwalimu. Akishindwa mpaka siku ya mwisho, umefeli. Nikamleta shangazi yangu. Alikubali upesi mno, na mimi kwa ujinga wangu nikafurahi.

Shangazi akavaa miwani. Akakata, akashona, muda ukamwishia. Akarudia mara saba, mara zote hola.

"Shangazi, bonyeza kile chekundu," nikanong'ona.

"Sikibonyezi ng'o. Hiyo Ijumaa nimeambiwa miezi minne. Gauni langu liko wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akauliza kama gemu inaweza kuisha bila kitufe hicho. Nikapiga hesabu kichwani. Haiwezi. Muda niliouweka haumtoshi fundi yeyote. Sikuwahi kufikiria kuna fundi anayefanya kazi bila Ijumaa.

"Rekebisha," mwalimu akasema. "Keshokutwa ndiyo mwisho."

Nikaenda moja kwa moja kibandani. Nikalichomoa gauni la Shangazi chini ya rundo, nikaweka saa mezani nijue kazi yenyewe inachukua muda gani, nikashona mpaka likaisha. Saa tatu na nusu. Miezi minne ya visingizio kwa kazi ya saa tatu na nusu! Niliona aibu, ingawa nilikuwa peke yangu. Nikairudia gemu: saa moja ya cherehani ikawa dakika moja ya mchezo, na kile kitufe nikakifuta.

Keshokutwa Shangazi alikuja ndani ya gauni, amependeza hasa. Akacheza mara moja tu, akamaliza, akapiga vigelegele. Mwalimu akanipa mkono.

"Na cheti changu?" nikauliza. Nilitaka mdogo wangu akione siku hiyo hiyo.

"Mashine ya kuchapa imeharibika," akajibu bila kunitazama. "Njoo Ijumaa."

Shangazi alicheka mpaka kifungo cha gauni kikaruka, kikabingirika chini ya dawati.

"Nitakishona..." nikaanza. Shangazi akaacha kucheka, akanitazama.

Nikapiga magoti kukitafuta. "Sasa hivi, Shangazi. Sindano ninayo mkobani."