Ua Huu Haupigwi Simiti

Mdogo wangu Bassam alileta mifuko sita ya simiti, akaipanga uani kando ya mtaro mbele ya macho yangu, kisha akajipangusa mikono na kuniambia nisikasirike. Nisikasirike! Mtu akuletee sanda ungali hai, halafu akwambie usinune.

"Dada, tazama mwenyewe," akasema. "Mibiringanya imekufa tena. Udongo huu una maradhi. Tuuzibe, tujenge ghala ya kanga. Duka halina nafasi."

Duka lake liko Biashara Street, limejaa majora mpaka kwenye ngazi, hilo ni kweli. Na mibiringanya ilikuwa imekufa, hilo pia ni kweli. Asubuhi imesimama, adhuhuri imelegea na majani yake mabichi, kesho yake imekauka. Lakini ua ule aliulima marehemu mama. Katika nyumba yetu ya Mji wa Kale ndicho kipande pekee kisichokuwa mawe na chokaa. Mimi Mona nimeolewa nikaachwa, nikaolewa tena nikafiwa, na mara zote mbili nilirudi hapo, nikashika jembe, nikapona. Nikiukosa ua ule sina pangu duniani. Katika mirathi Bassam ana mafungu mawili, mimi moja, na tangu tumzike mama hajachoka kunikumbusha.

"Hupigi simiti hapa," nikamwambia.

"Dada..."

"Nimesema hupigi!"

Aliyetutenganisha ni mkewe, Amatullah. Wifi yangu ni mtu wa amani, hapendi majirani wasikie. Akasema tupeane muda, na Bassam akakubali, maana alikuwa na hakika nitashindwa. Tukaahidiana mbele yake: nikichuma mabiringanya ya kutosha mchuzi wa futari ya kwanza ya Ramadhani, ua utabaki ua. Nikikosa, ninyamaze. Tulikuwa mwanzo wa Mfunguo Tisa, miezi mitatu kabla ya kufunga. Simiti akaiacha pale pale, ati asibebe mara mbili. Uongo mtupu. Aliiacha niione kila nikifungua mlango.

Basi nikamwita Kadzo. Kadzo ni mtoto wa Kaloleni, anafanya kazi katika maabara ya udongo, na mamake ndiye aliyekuwa akimletea mama yangu mbegu. Alikuja, akaniamkia, chai hakungoja. Akakata shina la mbiringanya uliokufa, akalitumbukiza kwenye gilasi ya maji. Tukatazama. Punde ukatoka uzi mweupe kama tui, ukashuka mpaka chini ya gilasi.

"Hao ni bakteria wa mnyauko, mama," akasema. "Wanaingia mizizini, wanaziba mishipa ya maji. Mmea unakufa kwa kiu na udongo umelowa."

Bassam alikuwa amesimama mlangoni. "Si nilisema? Ndiyo maana mwaka jana nilimwaga dawa iue kila kitu."

"Na ikaua kila kitu, kaka," Kadzo akajibu. "Shida ndiyo hiyo."

Akanieleza, nami nikamwelewa upesi kwa kuwa nimezaliwa Mji wa Kale. Kuuzunguka mzizi kuna mtaa mzima wa vijidudu, na wengi wao hawana neno na mtu. Mzizi wenyewe unawalisha kwa utomvu wenye sukari. Mtaa ukijaa, yule mwovu hapati pa kukaa wala cha kula. Ukiwaua wote, wa kwanza kurudi huenda akawa yeye.

"Ni kama baraza," nikasema. "Kichochoro chenye watu barazani, nani ataiba? Wahame watu uone, hata kitasa cha mlango hukikuti."

"Hasa, mama," Kadzo akacheka. "Basi mimi nitakuletea watu wa baraza."

Aliniletea unga wa kijivu ndani ya mfuko mdogo. Mlikuwa na bakteria wema waliolala, akasema, wakipata maji wataamka. Nikaukoroga, nikachovya mizizi ya miche mipya kabla ya kuipanda, nikatia na mboji iliyoiva. Kadzo alinionya kuwa huo si uchawi na huenda tukashindwa. Hawa hawaui kila kitu, akasema. Wanashika nafasi mzizini, wanamnyang'anya mwovu chakula, na wakitulia wao, hata wale wema wa asili waliobaki udongoni hupata nguvu wakaongezeka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikaona maneno hayo wazee waliyasema kwa ajili ya ua wangu.

Nilipanda safu mbili, moja nyuma chini ya ukuta, moja mbele kando ya sakafu. Ikashika. Majani yakafunguka mapana, nami kila alfajiri baada ya sala naenda kuyagusa. Bassam akipita hugeuza uso. Halafu, Rajabu ikiwa katikati, safu ya mbele ikalegea. Yote! Ile ya nyuma haikuguswa hata jani.

Ala! Nikajua ni Bassam. Nikavaa buibui, nikaenda mpaka Biashara Street, na hasira sikuiacha njiani. Dukani mlikuwa na wanawake wakichagua kanga za arusi.

"Umemwaga nini uani kwangu?" nikamwuliza, na sauti yangu si ya kunong'ona.

"Wallahi dada, sijagusa kitu!"

Wanawake wakaziacha kanga wakanitazama mimi. Bassam akaapa mpaka jasho likamtoka. Namjua tangu akitambaa. Akisema uongo husugua sikio. Hakusugua. Nikarudi nimefedheheka na bado nina hasira, na hasira isiyokuwa na mtu wa kumtolea inachoma mno.

Alhamisi ilipofika nikakaa uani makusudi. Alhamisi kwetu ni siku ya kuosha nyumba, kuikaribisha Ijumaa. Amatullah akaosha vyumba, akaosha ukumbi, akaosha sakafu ya ua, kisha akayakusanya maji yote kwa ufagio wa chelewa na kuyasukuma shambani, kwenye ile safu ya mbele. Ndivyo alivyofanya tangu aolewe. Mama alimfundisha hivyo: maji hayatupwi, yape mboga. Ila maji ya mama yalikuwa maji matupu. Haya yalinifika puani kabla hayajafika mizizini. Klorini! Tangu mwaka ule wa kipindupindu Amatullah haoshi bila klorini.

"Wifi!" nikapiga ukelele. "Unawaua!"

"Nawaua kina nani, jamani?"

"Wageni wangu!"

Nilipomweleza alikaa kitako sakafuni na ufagio wake, machozi yakamlenga. "Mimi nilidhani namfuata mama," akasema. Hasira zikanitoka zote. Nikamwambia aendelee kuosha kama alivyozoea, ila maji ayasukume upande wa mtaro, tone lisifike shambani.

Miche iliyokufa nikaing'oa, nikachovya mingine, nikapanda. Bassam alipoona akatabasamu. "Nusu imekufa, dada. Kubali."

"Nusu i hai. Kubali wewe."

Siku ya kwanza ya Ramadhani, alasiri, nilichuma. Safu ya mbele ilikuwa ndio kwanza inatoa maua, lakini ya nyuma ilikuwa imeinama kwa uzito. Nilijaza sinia. Nikapika mchuzi wa tui zito, na adhana ilipolia Bassam akala tende, akanywa maji, akala mabiringanya, akaongeza, akapangusa sahani kwa mkate. Nami nilikuwa nikiyahesabu matonge yake.

Kesho yake asubuhi akaja na Kazungu, fundi, na ndoo na mwiko.

"Bassam," nikasema, "jana umekula."

"Nimekula, Mungu akuzidishie. Lakini biashara haingoji, dada. Yale yalikuwa maneno ya kukutuliza tu."

Maneno ya kunituliza! Mtu kafunga, na asubuhi na mapema anaila ahadi yake. Nikaingia shambani nikakaa chini udongoni, katikati ya safu mbili, na buibui langu.

"Mwaga," nikamwambia. "Anza na mimi."

Kazungu hakutaka ugomvi wa watu. "Mimi fundi tu, mama, unisamehe," akasema, akaenda kuchukua mfuko. Akauvuta, haukutaka. Akaupasua kwa ncha ya mwiko, na mwiko ukalia kana kwamba umegonga ukuta. Akajaribu wa pili. Akajaribu wa tatu.

"Bosi, hii imeganda. Yote mawe. Imelowa chini siku nyingi."

Bassam akainama kuipapasa. Akautazama mtaro, akaitazama sakafu, kisha akamgeukia mkewe. Amatullah alikuwa amesimama mlangoni na ufagio wa chelewa mkononi, maana ilikuwa Alhamisi.

"Ulikuwa ukiona maji yanaingia chini ya mifuko?"

"Nilikuwa nikiona," akasema wifi yangu, yule mtu wa amani.

"Na usiniambie?"

"Nilikuwa nangoja uiondoe mwenyewe. Mtu aliyenuia kutimiza ahadi, simiti anaiweka ya nini?"

Sijapata kumsikia akimwambia mumewe maneno kama hayo. Bassam akasugua sikio, akakohoa. "Nitanunua mingine."

"Nunua," nikamwambia, na sijainuka.

"Nunua," akasema Amatullah, akaichukua ndoo yake ya maji. "Sisi Alhamisi hatuachi kuosha."

Ile mifuko haikutoka. Siku ile ile Kazungu alinisaidia kuiviringisha mpaka mbele ya shamba, tukaipanga mitatu chini mitatu juu, nikaitandika mkeka. Imekuwa baraza. Baada ya futari mimi na wifi yangu hukaa pale, mibiringanya iko nyuma yetu na mlango uko mbele. Bassam akija kukaa, tunasogea apate nafasi. Akija na simiti, atatukuta.