Aliyepika Huonja Kwanza

Mizabibu kumi na minne ya Padri Cecil ilikunywa maji mengi kuliko watoto wa Chilangala. Kila mtu alilijua hilo, ila hakuna aliyemwambia padri. Juu ya uwanda ule wa Newala hakuna mto wala kisima. Maji yako chini bondeni, na njia ya kupanda nayo ina mawe na kona hata mwanamke mwenye debe kichwani hufika juu hana hamu ya kusalimiwa. Padri aliipanda mizabibu hiyo mwaka aliofika, na kwa miaka saba haikumpa kitu ila majani.

Mwaka 1952 ndipo ilipopata mtumishi wa kweli. Huyo alikuwa Agnes, Mama Fatu, na hakuajiriwa na mtu. Kumwagilia mizabibu ilikuwa toba yake.

Agnes alikuwa mpika uraka, pombe ya mabibo, tena stadi. Mabibo ya mikorosho yalipoanza kuanguka, watu walikuja kwake kutoka hata njia ya Tandahimba. Uraka peke yake padri aliufumbia macho. Lakini uliobaki Agnes aliutia motoni akatoa nipa, pombe kali iliyokatazwa na serikali na kanisa kwa pamoja. Msimu mmoja wa mabibo, alasiri, seremala Dastani alikuja kwake, akanywa kata mbili, akaenda kulala, na asubuhi hakuamka. Dastani alikuwa amekohoa miaka mitatu na kila mtu alimsikia akikohoa, lakini mdomo ni jumba la maneno, na maneno yakaanza kutoka.

Kilichomwokoa Agnes ni desturi. Watu wa kule hawanywi pombe ambayo aliyeipika hajaionja mbele yao. Mpika huchota, hunywa funda, kisha ndipo humpa mgeni kata ileile. Aliyetia sumu hawezi kuonja, na asiyeonja ana jambo. Siku ile watu sita walimwona Agnes akionja kabla ya Dastani, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumshitaki. Hata hivyo mjane wa Dastani, Mama Majaliwa, aliacha kumsalimia, na hilo lilimuuma Agnes kuliko shitaka, maana walichezwa unyago pamoja.

Padri hakusema habari ya sumu. Yeye alisema habari ya nipa. Alimtenga Agnes na meza ya Bwana miaka miwili, kuanzia Pasaka ya 1952 hadi Pasaka ya 1954. Angekaa benchi la mlangoni, angemwagilia mizabibu kila baada ya siku moja, na kileo kisingepita mdomoni mwake. Tone moja tu, na miaka miwili ingeanza upya. Yote hayo yaliandikwa katika kitabu cha kanisa, na Agnes akatia jina lake chini.

Basi akabeba maji. Alibeba kiangazi cha kwanza akiichukia mizabibu ile kwa moyo wake wote. Kiangazi cha pili, mwezi wa tano, padri alichukua mkasi akaikata matawi yote, ikabaki vigogo tupu, na Agnes akasimama na debe lake akidhani homa imempanda mzungu kichwani. Kesho yake vidonda vya matawi vilikuwa vikidondosha maji, tone baada ya tone. Padri akamweleza kwamba mzabibu usiokatwa hujaa majani na kusahau matunda, na kwamba ukilia hivyo ujue uko hai. Tangu siku hiyo Agnes aliacha kuichukia.

Matawi mapya yakachipua, yakatoa maua madogo yasiyo na sura. Ukungu mweupe ulipotokea kwenye majani, alinyunyiza unga wa manjano wa kiberiti, yaani salfa, padri aliompa, akiutikisa ndani ya soksi kuukuu. Ndege walipokuja, alifukuza ndege. Mwezi wa tisa zabibu zikaiva nyeusi, wakachuma madebe saba.

Mwanzo ilikuwa furaha ya padri tu. Lakini wiki hiyohiyo ikaja habari kwamba lori lililobeba sanduku la divai ya kanisa kutoka Lindi limepinduka karibu na Nanganga, na hakuna chupa iliyopona. Divai iliyobaki ingefika mwezi wa kumi na moja na kuishia hapo. Krismasi isingekuwa na kikombe, isipokuwa zile zabibu zikubali kugeuka divai.

Wakazitoa kwenye vikonyo, wakaziponda kwa mikono ndani ya mtungi mkubwa. Siku ya tatu padri aliangushwa na malaria, ya kweli safari hii, na ikabidi apelekwe hospitali kule Masasi. Kabla ya kupanda gari alimwachia Bibi Ethel, muuguzi wa misheni, ufunguo wa stoo pamoja na kitabu chake cha divai. Agnes aliambiwa amsaidie Bibi Ethel.

“Lakini usionje, Mama Fatu,” padri alisema, meno yakigongana kwa homa. “Umebakiza miezi saba tu.”

Bibi Ethel alikuwa mtu mwema ambaye maisha yake yote aliamini kwamba kila kilicho wazi huingia vijidudu. Alikamua ule urojo akaumimina ndani ya chupa mbili kubwa za kioo zenye matumbo, akazitia vizibo na kuvifunga kwa waya. Alasiri Agnes alipoingia stoo hakuhitaji kitabu. Alisikia. Uraka humnong'oneza aliyeuzoea, na sauti aliyoisikia mle ilikuwa ya kitu kinachotafuta mlango.

Akamwomba Bibi Ethel afungue vizibo, maana kitu kinachochacha lazima kipumue. Bibi Ethel akajibu kwamba kitabu kinasema hewa ni adui. Agnes akaweka kiganja juu ya kioo, akakikuta cha moto na kinatetemeka. Ndani ya chupa zile mlikuwa na viangazi viwili vya shingo yake, kila debe na kila kona ya njia ya bondeni. Hakuomba tena. Alishika waya akausokota, na kizibo kikaruka hadi kwenye bati la paa, povu jekundu likakifuata, likamwogesha Bibi Ethel kutoka kofia yake nyeupe hadi viatu.

Bibi Ethel alijitazama. Kisha akakaa juu ya gunia la chumvi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na alipomaliza kucheka alimkabidhi Agnes ufunguo.

Agnes akairudisha kazi nyuma alivyojua. Alitia makapi na maji yake tena mtungini, akawa anayazamisha kwa mwiko asubuhi na jioni, mpaka yakaacha kupanda. Akakamua kwa kitambaa cha marekani kipya. Aliporudisha divai kwenye chupa, alikata mabua ya majani ya mpapai, yale yenye tundu katikati, akayapitisha kwenye vizibo na ncha zake akazilaza katika bakuli la maji. Hewa ikawa inatoka kwa mapovu na haiingii. Padri aliporudi amekonda aliyakagua mabua yale, akasema kwamba kitabu chake hakina ukurasa huo.

Kazi yote hiyo aliifanya kwa sikio na pua. Siku moja, akiihamisha divai kutoka kwenye mashapo, tone lilimwangukia kidoleni. Stoo ilikuwa tupu. Padri alikuwa Newala mjini na Bibi Ethel alikuwa na wagonjwa. Agnes alikitazama kidole kile, na ulimi ukamjaa mate, kwa kuwa mpika asiyejua ladha ya alichokipika hana raha. Akakifuta kwenye kanga, akasugua mpaka ngozi ikamwasha.

Krismasi ilifika mvua ikiwa bado haijafika. Kanisa lilijaa hadi madirishani. Agnes alikaa benchi lake la mlangoni, na Fatu, binti yake aliyekuwa ameposwa, alikaa mbele na wasichana wenzake. Mama Majaliwa alikuwa safu ya tatu, mgongo umenyooka.

Padri alihubiri vizuri, na angeishia hapo ingekuwa salama. Lakini moyo wake ulijaa shukrani, akataka kumlipa Agnes mbele ya watu kwa sifa. Alieleza jinsi divai ya Lindi ilivyomwagika. Alieleza mizabibu, maji na mabua ya mpapai.

“Divai tutakayokunywa leo imepikwa na Mama Fatu,” alisema, “na kwa miezi mitatu yote, kwa uaminifu wake, hajaonja hata tone moja.”

Hakukuwa na sifa mbaya kuliko hiyo katika uwanda mzima, na mzungu wa watu alikuwa akitabasamu.

Misa ikaendelea. Padri akabariki, akala, akanywa, kisha akageuka na kikombe kuwangoja watu wake. Hakuna aliyeinuka. Padri alikuwa amekunywa, ndiyo, lakini padri alikuwa mgeni wa pombe ile kama wao. Barnaba, mzee wa kanisa, ambaye kila Jumapili alikuwa wa kwanza kupiga magoti, aliinama akaanza kufunga kamba za kiatu, na viatu vyake siku ile vilikuwa makubazi. Wengine walitazama dari. Kidogo kidogo vichwa vikaanza kugeuka kuelekea mlangoni.

Agnes alivihesabu vile vichwa bila kutaka. Aliona kichwa cha Fatu kikiinama. Aliona mama mkwe mtarajiwa akisogeza kanga yake mbali na ya binti huyo, kidogo tu, kama mtu anayekaa vizuri. Dastani alikuwa amefufuka na ameingia kanisani. Watu wangetoka mle na kikombe kimejaa, na hadi jioni habari ingekuwa imefika Masasi kwamba mpika nipa wa Chilangala alitia kitu katika divai ya Bwana. Binti wa mchawi haolewi. Na ili kulizuia hilo ilikuwepo njia moja, nayo ilikatazwa katika kitabu cha kanisa na jina lake likiwa chini.

Alisimama. Alitembea katikati ya kanisa kwa miguu aliyoizoesha mlima, na kila hatua aliiogopa. Padri alipomwona anakuja, uso ulimbadilika, na mkono wake ukakifunika kikombe.

“Sikuombi kikombe, baba,” Agnes alisema. “Hicho si changu mpaka Pasaka. Naomba chupa ileile iliyojaza kikombe hicho, divai iliyobaki ambayo hujaibariki.”

Padri hakuelewa. Ilibidi Barnaba, aliyeona aibu hatimaye, amsogelee na kumnong'oneza sikioni. Uso wa padri ukawa mwekundu, kisha mweupe. Akamwinamia Agnes akamwambia polepole kwamba yeye Agnes alitia jina kwa mkono wake, na tone moja litaanzisha miaka miwili upya, na kwamba yeye padri hana uwezo wa kulifuta kwa sababu tu leo ni sikukuu.

“Najua, baba,” alijibu, na safari hii kanisa zima lilisikia. “Toba naweza kuianza tena. Jina likinitoka leo sitalipata tena.”

Barnaba akaleta chupa. Agnes aliinua mkono ili waone kwamba hana kitu kiganjani, akajimiminia katika kikombe cha bati cha maji ya kunawia, akageuka awaelekee watu, akanywa. Hakunywa funda. Alikunywa chote, wakaliona koo lake likipanda na kushuka, kisha akakipindua kikombe, na tone la mwisho likaanguka sakafuni.

Halafu akangoja akiwa amesimama, kama anavyongoja mpika yeyote.

Aliyeinuka kwanza alikuwa Mama Majaliwa. Alitoka safu ya tatu akampita Agnes bila kumtazama, akapiga magoti, akanywa. Nyuma yake mabenchi yakaanza kulia kwa watu kuinuka. Fatu alipanga mstari akilia wazi wazi, na mama mkwe nyuma yake. Agnes alirudi mlangoni. Kutoka kwenye benchi lake aliwatazama watu wa Chilangala wote wakienda kunywa divai yake, mmoja baada ya mmoja, mpaka waliobaki bila kunywa wakawa watoto wachanga na yeye.

Baada ya misa padri alimfuata nje. Alisema atamwandikia askofu, ila mpaka jibu lije, kitabu ni kitabu. Agnes alimwambia asijisumbue, akasema mizabibu itataka maji mengi wiki hiyo, kwa maana jua lilikuwa kali.

Jumatatu asubuhi alijitwika debe tupu akashika njia ya bondeni. Kwenye kona ya kwanza alimkuta Mama Majaliwa amekaa juu ya jiwe, debe lake miguuni na ngata mkononi, kama mtu aliyengoja kitambo.

“Divai yako ilikuwa chachu kidogo, Mama Fatu,” alisema.

“Ilitaka mwezi mmoja zaidi,” Agnes alijibu. “Ningeionja mapema ningejua.”

Mama Majaliwa akatikisa kichwa, akaweka debe kichwani, akauliza mizabibu yote ile hunywa madebe mangapi. Agnes akamwambia manne. Wakashuka pamoja, maana kwa watu wawili ilikuwa safari mbili tu.