Nguo ya Msiba Iliyowahi

Vumbi lilikuja na Desemba, likatoka jangwani likaingia Techiman bila hodi. Lilitua juu ya mabati, juu ya mafungu ya nyanya, juu ya kope za mbuzi. Lilitua pia juu ya karatasi za Dufie, mwandishi wa hadithi za mauaji, aliyekuwa amekwama.

Ukiandika jina lako mezani asubuhi, jioni hulikuti. Vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, halina adabu. Hufuta bila kuuliza.

Maiti alikuwa naye, Dufie. Mwuaji alikuwa naye pia: mpwa mtanashati, aliyemtilia mjomba wake sumu kwenye supu ya mawese ili arithi shamba la kakao. Alichokosa ni kosa. Lile kosa dogo, la kibinadamu, ambalo mwuaji hulifanya huku akijiona mjanja.

Mchapishaji wake kule Accra alikwisha kumpa dawa. Weka alama za vidole kwenye bakuli, weka maabara, weka daktari wa koti jeupe, ulete kazi wiki ijayo. Rahisi kama kumenya ndizi. Na Dufie angekubali, lau si wanawake wa soko la nyanya.

Hao ndio waliomcheka. Kitabu chake cha kwanza alikiandika akiwa na vitabu vya ng'ambo kichwani, na mwuaji wake alinaswa kwa sababu treni ya saa kumi ilifika saa kumi. Aliwasomea pale pale sokoni, macho yakisoma Kiingereza, mdomo ukitoa Kitwi. Alipofika pale penye treni, walicheka mpaka nyanya zikabiringika. Techiman haijapata kuona treni.

Aliyecheka kuliko wote ni Maame Birago, malkia wa soko la nyanya, mama yake mkubwa, aliyemlea kwa kelele na mapenzi. Alijifuta machozi kwa pindo la kanga yake, akasema, "Mwanangu, mtu wetu mkamate kwa kitu chetu."

Mtu wetu, kitu chetu. Neno lilimchoma Dufie, likamkaa. Alikwenda nalo kisimani, akarudi nalo jikoni, akalala nalo. Akajiapia kwamba wakimcheka mara ya pili, kalamu ataiweka chini, achukue beseni, akauze nyanya kama wenzake. Wala hakuwa anatania.

Na vumbi likaendelea kutua.

Ndipo alipofariki Opanin Gyamera, mkubwa wa ukoo wao, alfajiri ya Alhamisi, kwa uzee wake mwenyewe, bila msaada wa mtu yeyote. Mji ukainuka. Kila mwenye kitambaa cha msiba akamkimbilia Atta, fundi cherehani, na Atta akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba kesho nguo zote zitakuwa tayari. Mama yake Atta yu hai, anauza mihogo nyuma ya duka.

Basi Jumamosi watu walikuja kuhani na nguo zao za msiba za zamani, nyekundu kuukuu na nyeusi zilizopauka, zenye harufu ya sanduku. Wakaketi, wakapepewa, wakalia kidogo, wakanywa maji. Ngoma zikanguruma polepole.

Kisha akatokea Kwabena Fofie, binamu yake Dufie. Shati jipya jeusi, darizi nyekundu shingoni, mikunjo ya pasi ingali imesimama. Uwanja mzima ukageuza shingo.

Maame Birago akampima kuanzia viatu hadi ukosi. "Kwabena, nani alikunong'oneza kwamba mzee anaondoka? Maana Atta hajamwahi mtu, hata bibi harusi."

Kicheko kikapasuka, msibani pale pale, na hata wajane wakajificha nyuma ya leso. Kwabena akajitetea kwamba shati alilipeleka kwa ajili ya msiba wa kule mjini Nkoranza, mwezi wa kumi. Atta akachelewa, akachelewa, akachelewa mpaka akawahi huu. Atta mwenyewe, kwenye kiti cha nyuma, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu kama mtu aliyesifiwa.

Dufie alikuwa ameacha kucheka. Kosa lilikuwa limemjia kwa miguu yake, limepigwa pasi: mtu aliyejiandaa kupendeza kwenye msiba ambao bado haujatokea!

Lakini furaha yake ikaingiwa na shaka. Mwuaji wake naye angejitetea hivyo hivyo. Akamsogelea mama yake mkubwa, akamnong'oneza: mtu akidanganya kwamba nguo ni ya msiba mwingine, utamjuaje?

Maame Birago hakugeuka hata. "Nitamuuliza msiba upi. Mtu huzua safari, huzua ugonjwa. Msiba hauzuliwi, mwanangu. Ungekuwa wa kweli, tungekuwapo."

Tungekuwapo. Dufie alitaka kupiga vigelegele, akakumbuka yuko matangani.

Akaandika siku nzima ya Jumapili, midomo imekauka, vidole vinateleza kwa mafuta ya shea aliyojipaka kwa ajili ya ukavu. Jumatatu akaenda sokoni na karatasi kifuani. Wanawake wakavuta vigoda. Maame Birago akakunja mikono, na mikono ya Maame Birago ikikunjwa, hata wachukuzi hunyamaza.

Akasoma. Supu ikanywewa, mjomba akafa, mpwa akatokea kesho yake asubuhi amependeza kwa shati jipya la msiba. Wanawake wakaguna. Mpwa akasema shati lilikuwa la msiba mwingine. Kisha mpelelezi, mjane muuza uji, akamtazama akamuuliza: msiba upi?

Hapo Dufie alisita kufunua ukurasa. Wanawake wakatazamana, wakihesabu vidoleni misiba yote waliyohani.

Halafu kutoka kwenye mafungu ya nyanya, kabla hajasoma neno, wakamjibu kwa pamoja: "Tungekuwapo!"

Alifurahi Dufie, akafurahi mpaka akalia, na wao wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa chake.

Kila mmoja akataka kuzishika karatasi, hata wasiojua kusoma, waone pale mwuaji alipokwama. Zikapita mkono kwa mkono, na kila mkono una mafuta ya shea, na kila mkono una vumbi. Zilipomrudia zilikuwa za kahawia, zimejaa madoa toka pembe hadi pembe. Dufie akaguna: hizi lazima azinakili upya.

"Zipeleke hivyo hivyo," akasema Maame Birago, akirudi kwenye nyanya zake. "Si mtu wako wa Accra alitaka alama za vidole?"

Na vumbi likatua juu ya karatasi, likashika mafuta, likaganda pale pale walipogusa.